RIMIKSI ZA KIHINDI: WIMBO NI WA NANI?

Katika chama chetu kulizuka ubishi mkali kuhusu rimiksi. Wenzangu wakadai ati rimiksi ni wizi mtupu. Mimi nasema subirini kwanza, tuvuke Bahari Hindi tukaone mambo yalivyokwenda India.

Rimiksi ni wimbo wa zamani uliotiwa ngoma mpya na besi nzito, na pengine ukaimbwa upya na sauti changa. Huko India nyingi ni za filamu. Mwaka 1994 Bally Sagoo, Mhindi aliyelelewa Birmingham, Uingereza, alitoa albamu ya "Bollywood Flashback". Ndani yake mlikuwa na "Chura Liya", wimbo wa filamu ya mwaka 1973 uliotungwa na R.D. Burman. Wimbo wa wazazi ukawa wa disko! Mwaka 2002 ikaja rimiksi ya "Kaanta Laga", nayo ikawa moto wa kuotea mbali. Asili yake iliimbwa na Lata Mangeshkar mwaka 1972, na mtunzi ni yule yule Burman. Lata hakuzipenda rimiksi hata kidogo. Burman naye alikuwa kaburini tangu Januari 1994, angeulizwa vipi?

Sasa, huo si wizi? La. Sheria ya hakimiliki ya India ya mwaka 1957 ilimruhusu mtu kurekodi upya wimbo wa mwenzake, mradi miaka 2 iwe imepita, atoe ilani na alipe mrabaha. Kampuni ya T-Series ya Gulshan Kumar iliupitia mlango huo tangu miaka ya themanini: waimbaji wapya, nyimbo za kale, kanda za bei nafuu. Lakini kulipa si kuomba ruhusa, na hapo ndipo ninapowaelewa wenzangu.

Kilichochochea moto zaidi ni faili za MP3, jina lililochaguliwa mwaka 1995 na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani. Sidii hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, hivyo wimbo wa dakika 5 hula megabaiti 50 hivi. MP3 ya kawaida huupunguza hadi chini ya 5. Kivipi? Fikiria bwaloni sufuria zikigongwa: mnong'ono wa jirani yako huusikii ng'o! Basi MP3 hutupa sauti ambazo sikio lisingezinasa. Sidii iliyobeba dakika 80 ikaweza kubeba nyimbo kama 140, za asili na rimiksi zake, bega kwa bega. Tena kanda ikinakiliwa kutoka kanda huzidi kukwaruza, ilhali faili hunakiliwa mara elfu na kubaki vile vile. Nakala hizo za vichochoroni hazikumpa mtunzi hata ndururu. Huo ndio wizi, jamani, si rimiksi.

(Na sisi tusijifanye watakatifu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipendwa mno kwa taarab yenye lahani za filamu za Kihindi na maneno matamu ya Kiswahili.)

Mwaka 2012 India iliibana sheria. Miaka 2 ikawa 5, wimbo usibadilishwe ovyo, na mrabaha ulipwe kabla, kwa nakala zisizopungua 50,000 kwa mwaka. Rimiksi zikaisha? Wapi! Kampuni inayomiliki wimbo haina haja ya kumbembeleza mtu. Mwaka 2020 T-Series ilitoa "Masakali 2.0", toleo jipya la wimbo wa A.R. Rahman wa filamu ya "Delhi-6" ya mwaka 2009. Rahman, tena yu hai, akaandika hadharani kwamba kazi ya asili ilichukua wanamuziki zaidi ya 200 na siku 365, akawaelekeza watu wakaisikilize hiyo. Enyi wenzangu mnaolia wizi, hapo mtamshtaki nani?