Mitupo huru: Kazi ya refa huanza kabla ya mpira kurushwa

HAKUNA wakati unaowaletea marefa wa mpira wa vikapu lawama kama ule wa mtupo huru wa mwisho. Katika viwanja vya saruji vya shule na vyuo, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Meru, mashabiki husimama hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, na kila mmoja wao ni refa.

Tuseme timu ya Nyeri iko nyuma kwa pointi moja. Zimesalia sekunde chache, na mchezaji wake yuko kwenye mstari tayari kurusha mtupo wa pili. Mpira ungali mikononi mwake, mwenzake anachomoka na kuingia ndani ya eneo la hatari. Mpira unatumbukia kikapuni. Benchi la wageni linainuka kwa ghadhabu likitaka pointi hiyo ifutwe.

Haifutwi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA) zinasema kwamba mtupo wa mwisho ukiingia, kosa la aliyeharakisha hupuuzwa, mradi si mrushaji mwenyewe. Mambo hubadilika mpira unapokosa kikapu. Ikiwa aliyeharakisha ni mwenzake mrushaji, wapinzani hupewa mpira waurushe kutoka nje, mkabala na mstari wa mitupo huru. Ikiwa ni mpinzani, mrushaji hurudia. Pande zote mbili zikikosa, mshale wa zamu ulio mezani ndio huamua. Mrushaji naye akivuka mstari kabla ya mpira kugusa kikapu, au akikaa nao zaidi ya sekunde tano, pointi yake haihesabiwi. (Wanaotazama ligi ya NBA kwenye runinga wamezoea sekunde kumi, huko ni Marekani.)

Pointi moja si jambo dogo. Mnamo Februari 2021, jijini Yaoundé, Kenya iliilaza Angola 74-73 na kufuzu kwa fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Ndiyo maana refa mwerevu huyamaliza mabishano kabla hayajaanza. Refa wa chini ya kikapu hunyoosha vidole kuonyesha idadi ya mitupo, kisha hukagua nafasi. Mbali na mrushaji, wasiozidi watano ndio wanaoruhusiwa kujipanga kandokando ya eneo: watetezi watatu na washambuliaji wawili. Nafasi mbili zilizo karibu zaidi na kikapu ni za watetezi. Wasipozitaka, hubaki tupu. Mshambuliaji hawezi kuzirithi. Wachezaji wengine wote hukaa nyuma ya mstari wa pointi tatu na nyuma ya usawa wa mstari wa mitupo huru. Refa wa pili humtazama mrushaji na kuhesabu sekunde tano kwa mkono. Neno moja la upole, "Tulieni mpaka mpira utoke mkononi", huokoa filimbi nyingi.

Ugumu mwingine umo katika rangi. Hadi 2010, eneo hilo lilikuwa pana chini ya kikapu, mita 6, na jembamba kwenye mstari wa mitupo. FIBA ililibadilisha kuwa mstatili wenye upana wa mita 4.9, na kuusogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Kiwanja kisichopakwa rangi upya tangu hapo bado kina mistari ya mshazari, na kijana aliyefunzwa kwenye mstatili hajui pa kuweka mguu. Hapo marefa hawana budi kuwaita makocha kabla ya mechi, watembee nao hadi chini ya kikapu na kuwaonyesha mahali ambapo kila mchezaji atasimama.