Mkanda wa cherehani unateleza? Usikimbilie kununua mwingine

Wafanyabiashara wenzangu wa Ngara na Biharamulo, wengi wetu tunaouza nguo mtandaoni ndio haohao tunaozishona. Unaposti kitenge, mteja anachagua mshono, anatuma advansi kwa simu, unakaa kwenye cherehani. Sasa mkanda ukileta shida Alhamisi na nguo ya harusi inatakiwa Jumamosi, hapo ndipo zinaanza zile meseji za "samahani dada, kesho nitakuwa nimemaliza". Mteja wa hivyo harudi. Kwa hiyo leo tuongelee mkanda, hasa wa cherehani ya kukanyaga.

Kabla hujatoa hela, vua mkanda kwanza. Usukume pembeni utoke kwenye gurudumu kubwa la chini, halafu zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Likiwa zito, mkanda hauna kosa. Kuna uzi umenasa kwenye nyumba ya bobini au mafuta yameganda, na hata ukifunga mkanda mpya utateleza vilevile. Toa bobini, safisha vumbi na nyuzi kwa mswaki wa zamani, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kila tundu, zungusha kwa mkono mpaka lilainike. Na jamani, mafuta ya kupikia siyo mafuta ya cherehani! Siku za mwanzo mashine inakuwa laini, baadaye yanaganda kama gundi.

Kuna nyingine inachekesha kidogo. Gurudumu linazunguka, sindano imesimama, mtu anasema mashine imekufa. Angalia ile skrubu kubwa ya mviringo katikati ya gurudumu la juu, ile unayolegeza ukijaza uzi kwenye bobini. Haijakazwa. Kaza, endelea na kazi.

Kama gurudumu la juu ni laini, ila ukifika kwenye pindo la jinzi unakanyaga na mashine haiendi, hapo kweli mkanda unateleza. Mara nyingi una mafuta au umelegea. Wenye mafuta ufute kwa kitambaa kikavu, pamoja na mifereji ya magurudumu yote mawili. Wengine wanapaka chaki. Inasaidia kumaliza nguo moja, lakini siyo matengenezo.

Uliolegea unafupishwa. Ngozi huvutika kadiri inavyotumika, na ikipata unyevu ndiyo zaidi, kwa hiyo miezi ya mvua uukague mara kwa mara. Pale ulipounganishwa kuna kipande cha waya wa chuma. Kifungue kwa koleo, kata upande mmoja kama sentimita 1 tu, maana ngozi ikishakatwa hairudi. Toboa tundu jipya kwa msumari mwembamba, uache kama milimita 5 kutoka kwenye ncha, la sivyo itachanika. Pitisha waya, ubane mpaka ulale kabisa. Ukichomoza utasikia tak tak tak kila mzunguko.

Ukaze kiasi gani? Bonyeza kwa kidole katikati, ubonyee kama sentimita 1. Watu wanakaza mpaka unalia kama gitaa, wanadhani ndiyo nguvu. Matokeo yake kanyagio linakuwa zito, miguu inauma, na mhimili wa gurudumu unalika.

Ukiona mkanda unalika upande mmoja, tazama yale matundu mawili ya meza unamopita. Kichwa cha cherehani kikisogea kidogo kwenye bawaba zake, mkanda unasugua mbao. Rudisha kichwa mahali pake, kaza skrubu za bawaba.

Wenye mota: chomoa umeme kwanza. Mkanda wa mpira haufupishwi. Unalegeza boliti za mota, unaisogeza mota mpaka mkanda ukae sawa, unakaza. Ukiwa na nyufa au umekuwa mgumu na unang'aa, huo badilisha. Na ukisikia harufu ya mpira kuungua, acha kukanyaga hapohapo.

Ukienda kununua, beba ule wa zamani upimiwe, na nunua miwili. Ukiwa Rulenge au Nyakahura ndani ndani huko, nauli ya kuufuata mjini inaweza kuzidi bei ya mkanda wenyewe. Umekatika usiku na huna wa akiba? Kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli, ukikifunga vizuri, kinaweza kukuvusha mpaka asubuhi, ila fundo litagonga na utashona polepole. Na mwenye nguo mwandikie usiku huohuo kwamba mkanda umekatika na nguo itapanda basi la saa ngapi, usisubiri akuulize yeye.