Viganja Vilivyopauka

Mama mjamzito akilalamika kwamba kichwa chamzunguka, moyo wamwenda mbio na pumzi zamwishia kwa kazi ndogo, jamaa humjibu kuwa hiyo ni kawaida ya mimba. Hatukubaliani na jibu hilo. Yafaa atazamwe viganja, ulimi na ndani ya kope. Vikiwa vimepauka, apelekwe zahanati akapimwe damu. Kipimo cha mjamzito kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, amepungukiwa. Kikiwa chini ya gramu 7, yumo hatarini, kwani damu ambayo mwenzake angeweza kuipoteza akajifungua salama, yeye yaweza kumwua.

Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 uliwakuta na upungufu huu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Wazee wetu waliujua ugonjwa wa safura, neno la asili ya Kiarabu lihusulo rangi ya manjano. Minyoo wake hupenya nyayo zisizo na viatu, wakajishikiza utumboni na kunyonya damu. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu. Ila sababu iliyoenea zaidi ni uhaba wa madini ya chuma, na hapa hatuna budi kuisema chai. Aliyekula kunde na mchicha kisha akateremshia kwa chai ya rangi, amejinyima sehemu ya chuma alichokula. Chai na ingoje saa moja au mbili; mahali pake aliwe chungwa, nayo machungwa ya Muheza hayatupigi chenga msimu wake ufikapo.

Kliniki huwapa akina mama vidonge vya chuma na foliki asidi, na vingi huishia kabatini. Choo kikiwa cheusi wao huogopa, kumbe weusi huo watokana na chuma chenyewe, wala hauna madhara. Kichefuchefu nacho hupungua vikimezwa usiku baada ya chakula. Mwenye selimundu, ambayo hurithiwa, asijitibu kwa vidonge hivyo bila ushauri wa daktari.

Aliye chini ya gramu 7 asingojee uchungu umkute kijijini. Mumewe na wakwe wamfikishe mapema hospitali yenye akiba ya damu, na nduguze wawili watatu wafuatane naye wakachangie.