Siku Moja Sicilia: Majumba ya Makabaila na Chakula cha Mkulima

Katika bahari itenganishayo Ulaya na Afrika kimo kisiwa kikubwa cha Sicilia, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Italia. Wengi wetu tukisikia Italia hukumbuka mji wa Roma peke yake. Lakini kisiwa hiki kina habari zinazotuhusu sana, kwani Waislamu walishuka Mazara katika mwaka 827, wakauteka mji wa Palermo mwaka 831, na utawala wao haukumalizika kabisa mpaka mwaka 1091, mji wa Noto ulipoangukia mikononi mwa Wanormani.

Leo tunapenda kuwachukua wasomaji wetu, wazee kwa vijana, katika safari ya siku moja tu, kutoka Palermo hata Trabia, mwendo wa kilomita 30 hivi kwa njia ya pwani. Njiani tutaona majumba ya makabaila, na tutaona chakula cha watu wa shamba. Kisha tutajiuliza: katika viwili hivi, kipi kilichodumu, na kilidumu kwa sababu gani?

Jumba la Zisa

Asubuhi tunaanza Palermo kwenyewe, katika jumba liitwalo Zisa. Jina hilo limetokana na neno la Kiarabu al-Aziz, yaani lenye utukufu. Aliyeanza kulijenga, mnamo mwaka 1165, ni mfalme William wa Kwanza, Mnormani na Mkristo. Na mwanawe, William wa Pili, ndiye aliyelimaliza. Lakini mafundi walikuwa Waislamu, na kazi ya mikono yao haifichiki. Katika ukumbi wa chini maji yalitoka ukutani chini ya nakshi zilizochongwa kama sega la nyuki, yakateremka juu ya jiwe la marumaru, yakapita katika mfereji mwembamba katikati ya sakafu, kisha yakatoka nje kuingia birikani. Upepo wa baharini ulipoingia mlangoni ulikutana na maji hayo, na nyumba nzima ikapata ubaridi wakati wa joto kali.

Msafiri mashuhuri Ibn Jubayr wa Andalusi alifika Palermo mwishoni mwa mwaka 1184, akirudi kutoka Hija. Aliandika kwamba William wa Pili aliwaamini Waislamu mno, hata msimamizi wa jiko lake alikuwa Mwislamu. Basi tangu siku zile, jumba lilikuwa la mfalme, lakini elimu ya maji na ya chungu ilikuwa ya watumishi wake.

Maneno Yaliyobaki Shambani

Tukitoka mjini twaingia katika bonde la Conca d'Oro, lililosifiwa karne nyingi kwa miti yake ya malimau na machungwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 nyumba zilimeza sehemu kubwa ya bonde hili, lakini mashamba hayakwisha yote. Waislamu ndio waliostawisha katika kisiwa hiki malimau, machungwa machungu na miwa, na zaidi ya miti hiyo walileta ustadi wa kuyakusanya maji ya mvua chache na kuyagawa kwa haki kati ya shamba na shamba.

Ushahidi wa jambo hili umo katika kinywa cha mkulima mwenyewe. Birika lake la kumwagilia huliita gebbia, na Waarabu husema jabiya. Gurudumu la kutekea maji huliita senia, kutokana na saniya. Ua la mchungwa ni zagara, kutokana na zahr. Ufuta anaounyunyiza juu ya mkate huuita giuggiulena, kutokana na juljulan. Na iko aina ya zabibu iitwayo zibibbo; sidhani msomaji wa Kiswahili atahitaji mkalimani kwa neno hilo.

Majumba ya Bagheria

Kabla ya adhuhuri twafika Bagheria, mji ulio kilomita 15 hivi mashariki ya Palermo. Hapa ndipo makabaila wa Sicilia walipojenga nyumba zao za kukimbilia joto. Wa kwanza alikuwa Giuseppe Branciforti, aliyejenga jumba la Butera mwaka 1658. Mwaka 1715 ukaanza ujenzi wa jumba la Palagonia, la ukoo wa Gravina, ambalo baadaye lilizungushiwa ukuta wenye masanamu ya ajabu: viwiliwili vya watu na vichwa vya wanyama, vibeti, majoka na wapiga zeze. Mshairi wa Kijerumani Goethe, alipolizuru mwaka 1787, alichukizwa nalo mno. Hata leo wageni huenda kuyastaajabia masanamu yaliyosalia.

Lakini ni wajibu wetu kuuliza fedha za ujenzi huo zilitoka wapi. Zilitoka katika mashamba makubwa ya ngano, huko ndani ya kisiwa, ambako mkulima alilima ardhi isiyo yake na kurudi nyumbani na fungu dogo la mavuno. Ukabaila ulifutwa kwa sheria mwaka 1812, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa watu wachache mpaka sheria ya mwaka 1950 ilipoanza kuigawa. Kati ya miaka hiyo, Wasicilia wengi mno walipanda meli kwenda Marekani kutafuta riziki.

Tofauti hii ya matajiri na maskini iliingia hata sahanini. Katika majiko ya makabaila walipika wapishi walioitwa monzù, nalo ni neno la Kifaransa, monsieur, lililogeuzwa na ulimi wa Kisicilia. Kabaila alipenda kula ndege wadogo walionona kwa tini, waitwao beccafichi. Maskini hakuwa na ndege hao. Basi alitwaa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, akawapasua, akawajaza chembe za mkate, zabibu kavu na kokwa za msonobari, kisha akawakunja na kuwapanga, mikia imesimama juu kama mikia ya ndege, akawaita sarde a beccafico. Na aliyekosa jibini ya kunyunyiza juu ya chakula chake alikaanga chembe za mkate mpaka zikawa nyekundu, akanyunyiza hizo. Leo vyakula hivi vya maskini ndivyo fahari ya Sicilia nzima, na ndege wa kabaila wamebaki jina tu juu ya sahani ya samaki.

Wakati wa chakula cha mchana umefika, na Mwislamu lazima aangalie anachokula. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida huko, na hatari nyingine imejificha katika vitamutamu: ganda la cannoli, kwa desturi ya zamani, hutiwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Inapasa kuuliza bila ya haya. Lakini hatutalala na njaa. Zipo panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ambavyo tukivionja tutasema ni ndugu wa bajia. Vipo biringani, zeituni, samaki na matunda ya kila namna.

Tambi za Trabia

Alasiri twafika Trabia, kijiji cha pwani chenye ngome ya ukoo wa Lanza, waliokuwa na cheo cha Princi wa Trabia. Ngome hiyo ni nzuri, lakini jina la Trabia limeingia katika historia kwa sababu nyingine kabisa.

Mwanachuoni al-Idrisi, aliyekuwa katika baraza la mfalme Roger wa Pili huko Palermo, alimaliza mwaka 1154, sawa na mwaka 548 wa Hijra, kitabu chake kikubwa cha jiografia. Ndani yake ameeleza kwamba Trabia ina maji yasiyokauka na vinu vingi, na kwamba watu wake hutengeneza itriya kwa wingi, zikapakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Itriya ni tambi za unga wa ngano zilizokaushwa. Wako wasemao kwamba Marco Polo ndiye aliyeleta tambi Italia kutoka Uchina. Lakini Marco Polo alirejea kwao mwaka 1295, miaka 141 baada ya kitabu hicho kumalizika. Na kitabu hicho hicho kinaitaja pia miji ya mwambao wetu, Malindi na Mombasa. Mama apikaye tambi kwa sukari na iliki siku ya Idi na akumbuke habari hii.

Kilichobaki na Kilichopotea

Sasa jua linashuka, na turudi kwenye swali letu. Makabaila wamepoteza ardhi na amri. Majumba yao hutazamwa na wapita njia. Chakula cha mkulima kiko hai, kwa kuwa baba alimwonyesha mwanawe namna ya kufungulia maji ya gebbia, na mama alimsimamisha binti yake kando ya jiko, kizazi baada ya kizazi.

Lakini lipo jambo jingine, nalo linatuhuzunisha. Ibn Hawqal, aliyezuru Palermo mnamo mwaka 973, aliandika kwamba misikiti yake ilizidi mia tatu. Kuanzia miaka ya 1220 Kaizari Frederick wa Pili aliwahamisha Waislamu walioasi, akawapeleka Lucera, katika bara ya Italia. Na mwaka 1300 mji huo nao ukavunjwa, na wengi wa wakazi wake wakauzwa utumwani. Waliobaki kisiwani waliendelea kula tambi na kupanda malimau, lakini wajukuu wao hawakujua kusoma Fatiha. Mapishi yalipata mwalimu katika kila nyumba. Dini, walimu wake walipoondolewa, haikumpata.

Wazazi wa leo hawafukuzwi na kaizari yeyote. Watoto wetu huzijua ladha za Idi kabla hawajajua kusema. Je, jioni hii, baada ya chakula, nani nyumbani mwetu atakayekaa nao kuwasomesha yale mengine? Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watakaokaa. Amin.