Je, Wajua? Kunguru Wakikutana, Mwingereza Huita Mauaji

Thurea ya nyota. Bumba la nyuki. Genge la wezi. Mtungo wa samaki. Aliyesoma shule ya msingi Kenya hahitaji kuelezwa: hizo ni nomino za makundi, na ukithubutu kuandika "kundi la nyuki" kwenye mtihani, alama imeruka na nyuki wake. Mtoto wa Kiingereza naye ana orodha yake, na hiyo ina vituko. Humo kunguru ni wauaji, samaki wako shuleni na wapishi wana papara. Nani aliyaanzisha haya?

Je, wajua kwamba orodha hiyo ina zaidi ya miaka 500?

Mwaka 1486, miaka kumi tu baada ya William Caxton kuleta mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu Uingereza, mtambo mwingine katika mji wa St Albans, kaskazini ya London, ulitoa kitabu cha mambo ya wakubwa: kuwinda kwa kozi, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo za kikabaila. Nembo hizo zilichapwa kwa rangi, jambo ambalo kitabu cha Uingereza hakikuwahi kuwa nalo. Mchapaji hakuacha jina. Wanahistoria humwita tu Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa shule. Sehemu ya uwindaji inabeba jina la mwanamke, Juliana Barnes au Berners, ambaye kwa mapokeo alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Sopwell, jirani na mji huohuo. Ndani ya kitabu hicho ndimo ilimo orodha ya majina ya makundi zaidi ya 160.

Je, wajua kwamba wanyama walianza kuwa na "kampuni" kabla ya wafanyabiashara wetu?

Kichwa cha orodha hiyo kilisema: makampuni ya wanyama na ndege. Neno hilo, ambalo leo tunalibandika kwenye mabango ya ofisi, lilitokana na Kilatini: "com" ni pamoja, "panis" ni mkate. Kampuni, basi, asili yake ni watu wanaokula mkate mmoja. Mswahili angesema wanaokula sahani moja.

Je, wajua kwamba majina hayo yalikuwa kipimo cha ungwana?

Kijana wa kikabaila alitakiwa ajue kumwita kila mnyama kwa jina lake, kundi lake, nyayo zake, hata namna ya kumpasua akishauawa. Kusema tu "kundi la mbweha" kulimuumbua mbele ya wenzake, maana mbweha kundi lao ni "skulk", yaani kunyemelea. Chui wao ni "leap", mruko. Fuko, wanaochimba ardhi usiku na mchana, ni "labour", kazi. Kwa hiyo mtahiniwa anayekariri nomino za makundi asidhani ameonewa peke yake. Wenzake wa karne ya 15 walitahiniwa porini, na aliyekosea hakupoteza alama bali heshima.

Je, wajua kwamba simba walipewa "fahari" na watu ambao hawakuwahi kuwaona porini?

"Pride", yaani fahari au majivuno, ndilo jina la kundi la simba katika kitabu cha 1486. Uingereza haikuwa na simba wa mwituni. Waliokuwepo ni wafungwa wa Mnara wa London, ambako wafalme walifuga wanyama wa zawadi. Mwaka 1235 Mfalme Henry III aliletewa na Mfalme Mkuu Frederick II wanyama watatu wa jamii ya simba na chui. Mwaka 1252 akaja dubu mweupe kutoka Norway, ambaye alifungwa kamba ndefu na kuachwa avue samaki katika mto Thames. Wanyama wa Mnara waliendelea kutazamwa na watu hadi 1835.

Majina mengi ya orodha yalisahaulika baadaye. Mmoja wa waliowarudishia wasomaji hamu nayo ni Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes. Katika riwaya yake ya 1906, "Sir Nigel", mzee mmoja anamkalisha kijana chini na kumfundisha makundi, mnyama baada ya mnyama. Leo hata mwongoza watalii wa Serengeti anamwambia mgeni wake "pride", neno lililotoka kwa watu waliomjua simba kwa kumchora kwenye ngao.

Je, wajua kwamba mengine yalisikiwa kwanza, ndipo yakaandikwa?

Bata bukini ni "gaggle", neno linaloiga kelele zao. Chiriku ni "charm", ambalo hapo si uzuri wala hirizi, bali umbo la neno la kale lenye maana ya sauti nyingi ndogo zilizochanganyika. Mswahili hatashangaa: kwetu chiriku ni ndege, na ni mtu asiyejua kufunga mdomo.

Kwezi wao ni "murmuration", mnong'ono. Wakati wa baridi makundi yao makubwa hupindapinda angani jioni kama moshi unaovutwa huku na huku. Wanafizikia wa Italia walipanda juu ya paa karibu na stesheni kuu ya treni ya Roma, wakawapiga picha kutoka pande mbalimbali, na mwaka 2008 wakatangaza walichokiona: kila ndege huwafuata jirani zake sita au saba tu, wawe karibu au mbali. Hakuna kiongozi. Mmoja wa wanasayansi hao, Giorgio Parisi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Je, wajua kwamba samaki wa Kiingereza hawakuwahi kwenda shule?

Kundi la samaki kwa Kiingereza ni "school", neno linaloandikwa na kutamkwa sawasawa na shule. Utani umejaa, lakini ni maneno mawili tofauti. La mtoto lilitoka Ugiriki kupitia Kilatini. La samaki lilivuka bahari kutoka Uholanzi, ambako lilimaanisha kikosi au kundi, na ndilo ndugu wa "shoal", jina lingine la kundi la samaki. Yalikutana Uingereza yakafanana sura, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Je, wajua kwamba kuna kundi ambalo jina lake maana yake ni "peke yake"?

Katika orodha ya St Albans, nguruwe mwitu dume wakiwa wengi wanaitwa "singular". Neno hilo lilitokana na Kifaransa "sanglier", nguruwe mwitu, ambalo mzizi wake wa Kilatini unamsema mnyama anayeishi pweke. Dume mzee wa nguruwe mwitu kweli hujitenga. Basi wawindaji wakaketi, wakachukua jina la mpweke, wakalifanya jina la umati.

Je, wajua kwamba binadamu hawakusalimika?

Hapa ndipo mwandishi alipokuwa akicheka. Wapishi aliwaita papara. Wapiga zumari, umaskini. Washona viatu, ulevi. Mawakili, ufasaha, mahakimu, hukumu. Wake za watu aliwapa jina la kukosa subira. Wale waliotembeza vyeti vya msamaha wa Kanisa kwa fedha aliwaita uongo. Na watawa wa kike? "Superfluity", wingi uliopita kiasi. Kama kweli Juliana alikuwa mkuu wa watawa wa Sopwell, basi alijirushia jiwe paani kwake mwenyewe. Miaka 50 baadaye utani huo uliacha kuchekesha: kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa Uingereza nzima, Sopwell ikiwemo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha haikuwa lugha ya mtaani kamwe. Hakuna mtu aliyeingia jikoni akasema nimekuta papara ya wapishi. Ulikuwa mchezo wa maneno wa watu waliokuwa na nafasi ya kucheza.

Je, wajua kwamba kunguru aliponzwa na sifa zake?

"Murder of crows", mauaji ya kunguru, ni jina la kitabu kilekile. Ndugu zao wakubwa, kunguru wa porini wenye mdomo mnene, waliitwa "unkindness", ukosefu wa huruma. Katika Ulaya ya vita na tauni, ndege hawa walionekana wakila maiti, na jina baya likawakaa. Wakazi wa Dar es Salaam, ambao kunguru huwapokonya kitumbua mkononi, pengine wataona jina hilo halijazidisha sana.

Je, wajua kwamba wanyama wa Afrika walichelewa kubatizwa?

Pundamilia ni "dazzle", mng'ao unaotia macho kiwi. Twiga ni "tower", mnara. Faru ni "crash", kishindo. Viboko ni "bloat", uvimbe wa tumbo. Yanapendeza kwenye vijitabu vya watalii, lakini usiyatafute katika kitabu cha 1486. Ni vitoto vya juzi. Mwaka 1968 Mmarekani James Lipton alichapisha "An Exaltation of Larks", kitabu kilichoyakusanya majina ya kale na kuwaalika wasomaji wabuni yao. Mchezo ukafufuka. Watu wanaoishi na twiga na viboko hao, kwa Kiswahili, wanasema "kundi" na safari inaendelea.

Je, wajua kwamba ishirini za Waingereza zilikatwa kwenye fimbo?

"Score" kwa Kiingereza ni ishirini, na pia ni alama katika mchezo. Neno lilitoka Skandinavia na maana yake ni mkato: mhesabuji alipofika ishirini alikata pengo kwenye fimbo, akaanza upya. Hazina ya Uingereza ilitunza hesabu kwa fimbo za namna hiyo hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 fimbo za zamani zilitiwa kwenye matanuri ya Bunge zichomwe. Moto ukawashinda, Bunge lenyewe likateketea.

Waswahili nao wana ishirini yao: korija. Boriti za mikoko za Lamu, zilizopakiwa majahazini kwenda Ghuba, zilihesabiwa kwa korija. Neno hilo lilipita kwa Wareno likitokea masoko ya India, na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa India walilitumia pia, wakiliandika "corge". Kwa hiyo upande mmoja Mwingereza alikuwa na ishirini ya fimbo, upande mwingine ishirini ileile ya Mswahili.

Je, wajua kwamba majina yetu mengi yametoka mkononi?

Tazama sokoni. Mtungo wa samaki ni samaki waliotungwa kwenye ugwe. Furushi limefungwa kwa nguo, tita la kuni kwa kamba. Mkungu wa ndizi umekatwa mgombani, na chane imekatwa kwenye mkungu. Doti ya khanga ni vipande viwili kwa sababu ndivyo inavyouzwa. Mwindaji wa St Albans alimtazama mnyama akamtungia tabia. Mchuuzi wa pwani alitazama jinsi mzigo ulivyofungwa na kubebwa. Ndiyo maana maneno haya hayakuhitaji kufufuliwa na mwandishi wa riwaya. Yako kinywani mwa muuza ndizi kila asubuhi.

Linabaki moja ambalo halibebeki, nalo ndilo lililowatoa jasho watahiniwa wengi: thurea. Kwa Kiarabu, "Thurayya" si kundi lolote la nyota. Ni kishada kimoja tu, nyota sita au saba zilizosongamana, ambazo mkulima Mswahili alizijua kwa jina jingine kabisa, Kilimia, kwa sababu zilimwambia wakati wa kulima umefika. Usiku zinapoonekana, mtoto anayekariri "thurea ya nyota" na atoke nje kidogo. Neno lake liko juu, na linahesabika.