Siri ya bei mpakani: programu ipi ya kuaminiwa?

Mfanyabiashara wa nafaka anayevuka Namanga au Mutukula huwa na laini mbili, lakini biashara yake yote imo kwenye simu moja: bei ya gunia, namba ya lori, saa ya kupakia. Zikivuja, mteja huenda kwa mwingine.

WhatsApp, mali ya Meta, tangu 2016 husimba ujumbe wote; wanaousoma ni mtumaji na mpokeaji tu. Hata hivyo, nakala inayohifadhiwa mtandaoni hailindwi hivyo mpaka mwenyewe awashe ulinzi huo. Telegram hutoa ulinzi wa aina hiyo kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili, makundi hayamo. Signal, inayoendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, huhifadhi taarifa chache mno, na tangu 2024 mtu anaweza kuficha namba yake. Tatizo ni kwamba haisaidii kama wenzako hawamo.

Laini nayo ina hatari yake. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, namba inaweza kupewa mtu mwingine. Akaunti ifunguliwe kwa laini inayotumika daima, na iwekewe namba ya siri.

Baada ya hapo kinabaki kitu kimoja ambacho hakuna programu inayokizuia: mwanakundi asiyejua kutunza siri.