Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Bariadi ngoma yako isiponoga, hakuna atakayekuzomea. Utageuka tu na kukuta watu wako wote wamehamia upande wa pili.

Hiyo ndiyo kanuni ya mashindano ya Bagika na Bagalu, ambayo Wasukuma wa Simiyu wameyarithi tangu enzi za babu zao. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, saa ile ile, yakaachana hatua chache tu. Hakuna anayengoja zamu. Kila upande unapiga ngoma zake kwa nguvu zote, na watazamaji wanakimbia huku na huko wakifuata penye utamu. Jua likielekea kuzama, aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi.

Simulizi za wazee huanzia kwa Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 ambao pia walikuwa wachezaji. Kila mmoja alijigamba kwamba dawa yake ndiyo kali, ikabidi wakamalizane uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wale wa Gumha wakawa Bagalu. Tangu hapo Usukuma umekuwa na Simba na Yanga yake, kabla mpira wenyewe haujafika nchini. Ila hapa ushabiki wa maneno hautoshi: anayetaka kucheza hupokewa rasmi na mganga wa kundi, akapewa dawa na kufundishwa masharti yake.

Itazame Bugobogobo, ngoma ya jembe inayojulikana kuliko zote. Ilizaliwa shambani, vijana wakilima kwa pamoja kwa kufuata mdundo ili kazi isiwachoshe, na hata leo jembe halikosekani. Wachezaji hujipanga mstari, wameinama, njuga miguuni, wakanyanyua majembe kwa pamoja na kuyazungusha hewani kama vile hayana uzito. Ngoma kubwa ikibadilisha mwendo, mstari mzima unageuka. Wakati huo huo ng'ambo ya pili wachezaji wa Buyeye, ngoma ya wacheza na nyoka, wanafungua sanduku. Chatu akitoa kichwa tu, nusu ya umati wa Bugobogobo imeshaondoka. Sasa manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, lazima afikiri haraka: atunge wimbo wa kumkejeli mpinzani, au atoe kituko alichokificha tangu asubuhi.

Nyuma ya vituko hivyo kuna jambo zito. Kabla ya mashindano, watu huwakumbuka masamva, yaani mizimu ya wahenga, na kuwaomba baraka. Halafu kuna samba, dawa ya mvuto ambayo kazi yake ni kuwafanya watu wasiweze kuondoa macho. Wapo wanaoicheka. Lakini sijaona kundi lenye jina lililokubali kuingia uwanjani bila mganga.

Kwingine ibada ya namna hii hufanywa kimya kimya. Huko Thailand, mwezi mpevu wa Novemba ukichomoza, watu hushuka mtoni na vyombo vidogo vya mgomba vyenye maua, ubani na mshumaa, wakaviacha vielee majini kuomba radhi kwa mungu wa maji. Sherehe hiyo huitwa Loy Krathong. Katika mji wa Chiang Mai huongezwa taa za karatasi zinazorushwa angani. Ni ibada ya utulivu, kila mtu na mshumaa wake. Kwetu isingewezekana, maana msimu wa ngoma Mto Simiyu unakuwa mchanga mtupu na watu wanachimba visima humo kupata maji. Sadaka ya Msukuma hutolewa kwa jasho na vumbi, tena mbele ya mshindani.

Msimu huo huja baada ya mavuno, kuanzia Juni, pamba ikishauzwa na mifuko ina kitu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliliunganisha shindano hili na sikukuu ya Ekaristi, na ndipo ilipopatikana sherehe ya Bulabo inayofanyika hadi leo. Bariadi nayo imepata Simiyu Jambo Festival, ambapo ngoma huambatana na mbio za baiskeli.

Udhamini wa sherehe kama hizi ni jambo jema, kwani ngozi za ngoma na nauli za wachezaji havipatikani bure. Kinachonitia shaka ni meza ya majaji. Kundi likishapewa dakika zake na kuachiwa uwanja peke yake, linacheza kwa adabu, linashuka, linasubiri alama. Chatu anabaki sandukuni. Waandaaji, wapeni zawadi, wapeni na vipaza sauti, ila yaacheni makundi yote mawili yaingie kwa pamoja, na hukumu ibaki kwa watu waliosimama juani.